Chumba cha Mama Mzee Si Jalala



Kila mwaka, majuma machache kabla ya Noeli na kabla ya Pasaka, vikundi vyetu hushika fagio, jembe na toroli na kwenda kufanya salongo katika nyumba za wazee. Ni desturi njema, nasi hatuandiki ili kuizima. Mjane asiye na mtu wa kumchotea maji apaswa kuchotewa, na paa linalovuja lapaswa kuzibwa. Lakini ndani ya desturi hiyo limeingia jambo tunalolipinga kwa nguvu zote, na twalipinga tukiwa tumelitenda sisi wenyewe: kuingia katika chumba cha mzee wakati mwenyewe hayupo, kutoa nje vitu alivyovikusanya kwa miaka mingi, kuvichoma au kuvitupa, kisha kumwonyesha chumba kitupu na kungoja shukrani.

Twasema wazi kwamba huo si usafi, wala si huruma. Ni kumnyang'anya mtu mali yake, na kumtangazia kwamba neno lake halihesabiwi tena nyumbani mwake.

Tuanze na kosa letu, asije mtu akasema kwamba twawahukumu wengine. Mama mmoja mjane, hapa Bukavu, katika Kadutu, alilazwa hospitalini kwa siku nne. Wanawe walitujia wakatuomba tufanye upesi kabla hajarudi, kwa sababu, walisema, akiwapo hataruhusu kitu kitoke. Neno hilo peke yake lingetosha kutuzuia. Halikutuzuia. Chumba kilikuwa kimejaa hata mlango ulifunguka nusu tu. Tulikuta magunia, bidoni zilizopasuka, masufuria yasiyo na masikio, vikwembe vilivyofungwa mafungu mafungu, mabati yenye kutu chini ya kitanda, chupa, makopo ya maziwa ya unga, mwavuli uliobaki vyuma vitupu, na daftari za shule za watoto ambao leo ni wazazi. Tulifanya kazi tangu asubuhi hadi jua likashuka. Tuliimba. Toroli lilishuka bondeni mara 11. Vilivyoweza kuungua tuliviunguza.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akatazama, akauliza jambo moja: "Wanangu, na lile kopo lililokuwa nyuma ya sanduku?"

Hakuna aliyejua ni kopo gani, maana makopo yalikuwa mengi. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kununulia kiwanja, yenye sahihi ya muuzaji na ya mashahidi watatu, ambao wote wamekwisha kufariki. Mwaka uliofuata jirani alijenga ua wake upya, akausogeza hatua mbili ndani ya kiwanja cha mama huyo. Familia ilipoitwa mbele ya mkubwa wa mtaa haikuwa na kitu cha kuonyesha. Wale wana waliotuhimiza tufanye upesi ndio waliobaki wakipima ardhi kwa miguu na kuapa kwa maneno matupu. Hatua mbili zaweza kuonekana kidogo. Lakini mtu ajuaye jinsi nyumba zilivyosongamana juu ya mlima ule ajua kwamba hatua mbili ni jiko, au ni mahali pa kulala watoto wawili.

Tangu siku hiyo mama yule hufunga chumba chake kwa kufuli mbili, na chumba kimeanza kujaa upya. Sisi hatualikwi tena. Hatuwezi kumlaumu.

Baada ya jambo hilo tulijiuliza swali ambalo tulipaswa kujiuliza mwanzoni: kwa nini wazee wetu hukusanya? Wengi kati yetu tulizaliwa baada ya mambo yaliyowafundisha kukusanya, kwa hiyo twacheka tusichokielewa. Mwishoni mwa Desemba 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 si fedha tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa kijijini, mbali na benki, alibaki na karatasi mkononi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: faranga moja ilisimama mahali pa zaire bilioni 300 za kale. Mzazi aliyeweka fedha kwa ajili ya wanawe alipoteza zote bila kuibiwa na mwizi hata mmoja. Aliyeweka bati, sufuria na kikwembe, bati lake lilibaki bati, na sufuria yake ilipika.

Tena fedha ilipokuwapo, maduka hayakuwa na kitu. Katika uporaji wa Septemba 1991, na ule wa Januari 1993, miji mingi ya nchi yetu ilibaki na maduka matupu. Zikafuata vita vya 1996 na vya 1998. Bukavu iliporwa tena Juni 2004, na Februari 2025 sisi vijana tumeona kwa macho yetu maghala yakivunjwa na watu wakipita na magunia vichwani. Mama aliyepitia hayo yote, ambaye mara nyingi amekimbia na mtoto mgongoni na kurudi akikuta hata kijiko hakuna, hatupi kijiko kwa sababu kimepinda. Ana hesabu yake, na hesabu hiyo aliipata kwa machozi.

Karatasi nazo zina sababu yake. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya kupiga kura ndiyo iliyotumika mahali pa kitambulisho. Mahali ambapo serikali haiwezi kumwambia mtu yeye ni nani, alizaliwa lini na anamiliki nini, mtu huyo hujitunzia ushahidi mwenyewe: kadi ya ubatizo, kadi za kura za zamani, stakabadhi za karo, barua za kazi ya mumewe aliyekufa bila kulipwa haki zake. Sisi huziona takataka zilizotafunwa na mende. Yeye huziona kama ofisi ambayo nchi haikumjengea.

Wazee husema kwamba akiba haiozi. Twawaheshimu, lakini hapa hatutawadanganya: akiba yaoza. Maharage huliwa na wadudu, kikwembe hutoboka, karatasi hulowa, na bati huliwa na kutu. Hatusemi kwamba lundo ni kitu kitakatifu. Nyumba nyingi za Kadutu ni za mbao, ukuta kwa ukuta, na moto ukianzia chumba kimoja huteketeza nyumba nyingi kabla maji hayajafika. Chumba kilichojaa nguo na magazeti, chenye mbabula ya makala karibu na kitanda na waya wa umeme uliounganishwa kwa mkono, chaweza kumwua mwenye chumba pamoja na jirani zake. Mzee akijikwaa usiku katika magunia na kuvunjika nyonga, huenda asisimame tena. Panya naye hachagui kati ya kumbukumbu na takataka. Wanaotupinga kwa hoja hizi wana haki ya kusikilizwa.

Lakini tazameni vizuri hoja hizo zadai nini. Zadai njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni. Zadai mbabula itoke chumbani, mafuta ya taa na petroli yakae nje, waya utengenezwe, chakula kilichooza kiondolewe. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na mzee akielezwa kwa adabu hukubali upesi, kwa maana yeye pia hataki kuungua. Hakuna hata hoja moja kati ya hizo inayodai kuchoma daftari za watoto wake. Hatari ya moto yatuonyesha cha kuanza nacho; haitupi ruhusa ya kumaliza vyote.

Wengine husema: "Huyu ni mgonjwa, hawezi kuamua." Yawezekana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, lautaja ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ambao humfanya mtu aumie sana anapotakiwa kuachana na kitu, hata kisicho na thamani. Upo pia usahaulifu wa uzee, ambao humfanya mtu aokote leo kile alichokitupa jana. Basi kama ni mgonjwa, atendewe kama mgonjwa. Mgonjwa wa mguu hatumkati mguu akiwa amelala ili aamke amepona. Bukavu kuna kituo cha afya ya akili cha SOSAME, kuna wauguzi, kuna watu waliosomea kazi hiyo. Kijana mwenye toroli si mganga wa akili. Na yeyote aliyemwondolea mzee vitu kwa siri ameona matokeo yake: kama chumba cha mjane yule, hujaa tena, na safari hii mlango hufungwa, wala hakuna tena anayeaminiwa kuingia.

Kuna hoja ya tatu, na hapa tutasema kwa ukali, kwa kuwa yahusu damu ya watu. Katikati ya salongo, kijana mmoja hufungua fundo la kitambaa na kukuta mizizi mikavu, ushanga uliokatika, labda nguo ndogo ya mtoto aliyefariki zamani. Hulionyesha kwa wenzake na kusema: "Sasa twajua kwa nini watoto wa nyumba hii hawafaulu." Wengine hucheka, wengine hunyamaza. Maneno hayo hufika mtaani kabla toroli halijafika bondeni. Ndugu zetu, katika Kivu ya Kusini wanawake wazee wameuawa na makundi ya watu kwa kusingiziwa uchawi. Mwaka 2021 mauaji ya namna hiyo yaliletea aibu jimbo letu zima. Walioua hawakuhitaji ushahidi mkubwa. Uzee, ujane, ukimya, na chumba ambacho hakuna ajuaye kilichomo, vilitosha. Kwa hiyo yeyote anayetangaza nje alichokiona katika fundo la mama mzee, hata kwa mzaha, amewapa wauaji neno walilokuwa wakilitafuta. Mizizi ile huenda ilikuwa dawa ya tumbo. Nguo ile huenda ndiyo iliyobaki ya mtoto wake. Na hata kama hatujui ni nini, kutojua kwetu si hatia yake.

Tuseme pia lile ambalo halisemwi mkutanoni. Mara nyingi haraka ya kusafisha haitoki katika upendo wa mzee. Pengine wageni wa mahari wanakuja, nasi twaona haya. Pengine chumba kikiwa kitupu kitapangishwa. Pengine mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kutaja bei ya yale mabati. Pengine ndugu amerudi kutoka Kinshasa au Ulaya kwa majuma mawili, naye ataka kuacha alama ya kupita kwake. Si kila sababu hapa ni mbaya. Chumba chaweza kuhitajika kweli. Lakini sababu hiyo isemwe kwa mzee, kwa sauti, mchana. Haja isiyoweza kusemwa mbele ya mwenye chumba ni haja ya kutiliwa shaka.

Na kabla ya kwenda kwa mama mzee, tupite kwanza nyuma ya ukumbi wa parokia yetu. Ghala letu lina viti visivyo na miguu, ngoma zilizopasuka, kinanda kisichotoa sauti, na vitambaa vya kuwakaribisha wageni waliokuja na kuondoka zamani. Mmepata kusikia mtu akipendekeza tuvichome paroko akiwa safarini? Hakuna aliyethubutu. Twasema kwamba siku moja vitatengenezwa. Basi heshima tunayolipa ghala la paroko, tumpe na mjane asiye na cheo.

Wengine hutupiga kwa mfano wa yule tajiri wa Injili aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi, wakisema kwamba wazee wetu wametegemea mali badala ya Mungu. Mfano huo ni wa mtu aliyekuwa na vingi akajiambia ale, anywe na kufurahi. Mama mwenye makopo 40 matupu hajiambii hivyo. Yeye aogopa kesho. Hofu haiponywi kwa kunyang'anywa. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuandikwa kwa ajili ya wazazi wenye nyumba nadhifu tu, na Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, amtaka mwana amvumilie mzazi hata akili zake zikipungua.

Basi tufanye nini? Hatutaki kukosoa tu. Baada ya aibu ile, kikundi chetu kilimsaidia mama mwingine, safari hii kwa njia tofauti, nasi twaandika tuliyojifunza.

Tulimwomba aketi kitini, mlangoni, nasi tukawa mikono yake. Hakuna kitu kilichotoka kabla hajakiona. Tuliweka sehemu tatu: cha kubaki, cha kutoka, na cha kungojea. Sehemu ya kungojea ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote siku ya kwanza, nasi hatukumsukuma. Tulianza na karatasi: tulizikausha, tukazipiga picha kwa simu, tukazitia katika mfuko usiopenya maji, na mfuko huo akaushika mwenyewe. Vitu vya marehemu tuliviacha viwe vya mwisho. Tuliwekeana sharti kwamba hakuna kijana atakayeondoka na kitu, hata kifungo, bila kukipewa mbele ya wengine. Wala hakuna atakayesimulia nje alichokiona ndani.

Jambo moja lilitushangaza. Tulipomwuliza, "Mama, tutupe?", alikataa karibu kila kitu. Tulipomwuliza, "Mama, yuko mtu ungependa kumpa?", uso wake ulibadilika. Sufuria tatu zilikwenda kwa maarusi wapya wa shirika lake. Mabati yaliyokuwa bado mazima yalifunika choo cha jirani. Vikwembe viwili alimpa mjukuu wake, na kila kimoja kilitoka pamoja na habari yake: kilinunuliwa wapi, kilivaliwa siku gani. Tuliketi tukasikiliza. Kazi ilichelewa kwa sababu ya habari hizo, na huenda hizo ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Ilituchukua Jumamosi saba. Hatukuacha chumba kitupu. Chini ya kitanda magunia mawili yamebaki, na mwavuli wa vyuma vitupu bado umening'inia ukutani kwa sababu ambayo hakutuambia. Lakini mlango wafunguka wote, mbabula iko nje, njia ya kwenda kitandani ni wazi, na ufunguo anao yeye. Kila tupitapo hutuita tuingie.

Kwa hiyo twatoa ombi kwa viongozi wote wa vikundi vya vijana. Andikeni katika kanuni za salongo yenu kwamba hakuna chumba cha mzee kitakachosafishwa pasipo mwenyewe kuwapo na kukubali, hata kama wanawe ndio walioomba, hata kama muda ni mfupi. Familia ikisema, "Akiwapo hatakubali," mjibuni: basi hatutakuja. Na ikiwa hatari ni kubwa, mgonjwa hajielewi, au nyumba yaweza kuungua, waiteni wauguzi na wakubwa wa shirika, mfanye pamoja nao na mbele ya mzee, mkiondoa kile tu kinacholeta hatari. Tukikataa mara chache, familia zitajifunza kuomba vinginevyo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba zetu, ni kitu gani cha mzazi au cha mzee ambacho tumekitupa bila kumwuliza? Je, tumewahi kumwambia ukweli na kumwomba msamaha?

2. Ni nani katika mtaa wetu anayesemwa vibaya kwa sababu ya chumba chake au mafundo yake? Nani kati yetu atakwenda kuketi naye juma hili, bila fagio?

3. Karatasi za familia zetu ziko wapi leo, na ni nani ajuaye? Tumwulize mzee angali hai, akiwa ameketi kitini pake.